Barua ya wazi kwa wanaotafuta Makamu Mkuu wa Chuo: usaili uhamie Kiomboni

Kwa Waheshimiwa Wenyeviti na Wajumbe wa Mabaraza, Seneti na kamati za kutafuta viongozi wa vyuo vikuu vya umma.

Yah: Ombi la watu wa delta ya Rufiji kushiriki kumpata Makamu Mkuu wa Chuo, Rasi wa Ndaki, Amidi, na mwingine yeyote aliyeitaja Rufiji kwenye wasifu wake

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mwandishi wa barua hii ni mkazi wa Kibiti. Hana shahada ya uzamivu, na anajua kwamba kwa sababu hiyo barua yake itasomwa na katibu muhtasi peke yake. Hajachukia. Katibu muhtasi angalau husoma mpaka mwisho.

Anajua pia kwamba barua za namna hii zina historia yake. Mwaka 1971 Symonds Akivaga, rais wa wanafunzi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi kulalamikia chuo kuendeshwa kwa amri za ofisini. Mwezi Julai askari wa FFU, wale wa kutuliza ghasia, walikuja kumchukua, akarudishwa kwao Kenya. Mwandishi huyu kwao ni Kibiti, na tayari yupo. Serikali itaokoa nauli.

Aliyeandikiwa barua ile, Pius Msekwa, alifika Mlimani akitokea ukatibu mtendaji wa TANU. Ibrahim Kaduma na Nicholas Kuhanga waliomfuata walikuwa wamepitia uwaziri. Ilipofika 1988 ndipo akaingia mwalimu wa chuo kikuu, Profesa Geoffrey Mmari. Zama zile zina lawama zake, lakini jambo moja zisamehewe: hakuna aliyeambiwa kwamba ameshirikishwa. Jina lilitangazwa redioni, watu wakalisikia, wakarudi kazini.

Siku hizi kuna utaratibu. Tangazo hutoka. Mhadhiri mwandamizi mwenye matumaini huandaa wasifu, huandika dira ya miaka mitano, huvaa ile suti ya harusi ya mdogo wake na kusimama mbele ya wenzake kueleza namna atakavyowasikiliza. Wenzake huuliza maswali, hujaza karatasi za maoni, hunywa chai na sambusa. Kisha karatasi huenda juu. Yanayofanyika huko juu hawaelezwi. Wao husubiri jina lishuke. Wanataaluma wa nchi hii waliliona hili mapema. Aprili 1990 waliandika Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii, na katika kuugombania huo uhuru wamechoka sana, kiasi kwamba ile nusu ya pili, ya jamii, wengi hawajaifikia.

Majirani nao hawajapona. Uganda waliliweka katika sheria yao ya 2001: Seneti ipeleke majina matatu, Baraza lipendekeze, Mkuu wa Chuo ateue. Nairobi, Januari 2020, Baraza la Chuo lilimtangaza Profesa Stephen Kiama kuwa Makamu Mkuu, na mwezi huohuo Waziri wa Elimu, George Magoha, ambaye aliwahi kukikalia kiti hichohicho kwa miaka kumi, akautengua uteuzi na kulivunja Baraza lenyewe. Ikabidi mahakama iingilie. Waheshimiwa, huku delta watu walisikia habari hiyo bila mshangao. Walishangaa tu kwamba na maprofesa hufanyiwa hivyo.

Sasa, haya yanawahusu nini wakulima wa mpunga na wavuvi wa kaa?

Yanawahusu kwa sababu wamo ndani ya wasifu wa wagombea. Delta ina makumi ya maelfu ya hekta za mikoko, na inaelekea kila mti una makala yake. BRALUP, ofisi ya utafiti ya Mlimani, ilitoa tathmini ya vijiji vya Ujamaa vya Rufiji mwaka 1973, miaka michache tu baada ya watu kuhamishwa kutoka bondeni kwenda juu. Tangu Novemba 1998 kaya za Rufiji, zikiwemo za vijiji ambavyo leo ni vya wilaya ya Kibiti, zimepewa namba na kuhesabiwa kila baada ya miezi michache: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Wapo waliokuja kwa heshima, na hao hawasahauliki. Mpango wa kusimamia mikoko ya Tanzania Bara wa 1991 ni kazi ya marehemu Profesa Adelaida Semesi, na barua hii haimgusi. Inawagusa waliokuja na hojaji ya kurasa 14 siku ya mavuno, wakaondoka na majibu, wakapanda cheo, na leo wanagombea uongozi kwa kichwa cha habari kisemacho "uzoefu mpana wa kufanya kazi na jamii".

Jamii ni hii. Haijapigiwa hata simu.

Kwa hiyo inaombwa, kwa unyenyekevu mkubwa, usaili wa wagombea uhamie Kiomboni, kijiji cha ndani ya delta. Wagombea watafika bandari ya Nyamisati alfajiri, na nahodha, kwa kusahau tu, atang'oa nanga maji yakiwa yameanza kutoka. Katikati ya safari boti itapwelewa. Kamati isiwe na wasiwasi: kupwelewa ni sehemu ya usaili. Kuna saa kama sita mpaka maji yarudi, na kazi ni nyingi.

Mdodosaji atawafuata kwa miguu, sketi ameifunga juu ya magoti, hojaji ameiweka kwenye mfuko wa nailoni. Awe mama aliyekesha dunguni akilinda mpunga usiliwe na nguruwe, kisha kulipokucha akaanza kuamia ndege, ili naye awe na usingizi na haraka kama wadodosaji wengine. Kwanza atasoma fomu ya ridhaa: ushiriki wako ni wa hiari, unaweza kujitoa wakati wowote. Mgombea atatazama tope pande zote nne. Atasaini.

Maswali yatakuwa kwa Kindengereko. Mkalimani atakuwepo, na atatafsiri nusu. Paa la nyumba yako ni la makuti au bati? Choo ni cha shimo au cha kuvuta maji, na mnakitumia watu wangapi? Jana mlikula milo mingapi? Una mke mmoja au zaidi, na kama ni zaidi, kwa nini mkubwa ametoa idadi nyingine ya watoto? Mwezi uliopita ulipata shilingi ngapi, ukijumlisha posho za vikao? Hapo atasita. Mdodosaji hatamsubiri, ataandika "hajui". Kisha: kwa kipimo cha moja hadi tano, ambapo moja ni "sikubaliani kabisa", unakubaliana kiasi gani na kauli kwamba maprofesa hukata mikoko kwa kukosa elimu? Mgombea akianza kueleza kwamba swali lenyewe limekosewa, akumbushwe kwa upole kwamba nafasi ya maelezo haipo, achague namba.

Apigwe picha akiwa amezama hadi magotini. Itawekwa kwenye jalada la ripoti bila jina lake, na maandishi chini: "Mwanataaluma wa kipato cha chini, delta ya Rufiji." Apewe soda moja na kipande cha sabuni, asaini karatasi ya posho ambayo sehemu ya kiasi iko wazi. Matokeo yatachapishwa kwa Kindengereko, katika jarida ambalo kulisoma ni lazima ulipie madebe mawili ya mpunga. Akitaka nakala yake, aandike barua ya maombi.

Alama zitolewe kwa jambo moja tu. Mgombea atakayemuuliza mdodosaji jina lake, na kama amekula, apewe zote mia.

Hapa adabu imwache mwandishi kidogo. Mwaka 1997 Baraza la Mawaziri lilipitisha mradi wa African Fishing Company wa kufuga kamba kwenye hekta 10,000 za delta, ilhali NEMC, chombo cha mazingira cha serikali hiyohiyo, kilikuwa kimeshauri ukataliwe. Wataalamu waliulizwa, wakajibu, wakapuuzwa. Wanavijiji waliulizwa, wakajibu, wakapuuzwa, ikabidi waende Mahakama Kuu. Mradi haukujengwa. Mtu angetegemea makundi hayo mawili, yaliyopuuzwa siku moja na watu walewale, yangekuwa ndugu tangu hapo. Badala yake kundi moja lilijifunza kulipuuza lingine kwa mbinu zilezile. Aprili 2024 maji yalipofunika nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti, swali barazani lilikuwa moja: haya ni ya mvua au ya lile bwawa la umeme la megawati 2,115 huko juu mtoni? Kilichohitajika ni mtaalamu wa maji asimame kwenye mkutano wa kijiji aseme anachojua na asichokijua, kwa Kiswahili, mbele ya watu waliolala juu ya paa. Kazi hiyo haina alama kwenye fomu ya kupandishwa cheo. Waheshimiwa, fomu hiyo mmeitunga wenyewe. Haikushuka na mvua, na haikutoka kwa waziri. Mkiwa na uwezo wa kutunga fomu ya kuwanyima wakulima majibu, mnalalamikia nini mnaponyimwa majibu na walio juu yenu?

Samahani. Tuendelee na maombi mengine, ambayo ni madogo.

Anayekaimu asikaimu mpaka akastaafu. Sanduku la maoni lililopo mlangoni liwekewe ufunguo, na ufunguo upewe mtu. Mgombea anayeahidi "milango iliyo wazi" aeleze kwanza mlango wa sasa wa ofisi yake hufunguliwa saa ngapi. Magari ya chuo yaendayo kampasi ya Lindi yapunguze mwendo yanapopita Kibiti. Abiria wakishusha vioo wataona kwamba watafitiwa wana nyuso. Karatasi za maoni za wahadhiri zihesabiwe hadharani, kama kura za mwenyekiti wa kitongoji zinavyohesabiwa huku, kwa sauti, mbele ya watoto na mbuzi.

Kuhusu tarehe, kamati ipange siku za bamvua, maji yanapotoka mbali zaidi. Malazi yapo, chandarua kila mgombea aje na chake, na dira ya miaka mitano isizidi ukurasa mmoja kwa sababu itasomwa kwa tochi ya simu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtafitiwa wa muda mrefu, Kibiti, Mkoa wa Pwani.

Nakala: Mtendaji wa kijiji, abandike kwenye ubao wa matangazo. Nahodha, Nyamisati. Wagombea wote watatu waliopendekezwa, na yule wa nne ambaye hakuomba, kwa kuwa ndiye atakayeteuliwa.