Utambuzi wa Sauti Ngeni za Magari katika Mazingira ya Chaani

Sauti ngeni ya gari, kwa maana itakayotumika hapa, ni mlio ambao mwenye gari hakuuzoea, ambao abiria huusikia kabla yake, na ambao hunyamaza mara tu fundi anapotega sikio. Sifa hii ya tatu huufanya utambuzi wake kuwa mgumu kokote duniani, lakini Chaani, wadi ya Changamwe iliyo upande wa bara wa Mombasa, ina magumu yake ya ziada, kwa kuwa malori yenye makontena ya bandari ya Kilindini hupita yakinguruma huku ndege zikishuka kuelekea Uwanja wa Kimataifa wa Moi, hata ule mlio mwembamba unaotafutwa ukamezwa na vyombo visivyo na hitilafu yoyote.

Magari yenyewe mengi hutoka Japani yakiwa yametumika, na kiwango cha Kenya kiitwacho KS 1515 hakiruhusu kuingizwa nchini gari lililopita umri wa miaka 8. Gari basi hushuka melini likiwa kimya na lenye adabu, kisha hukabidhiwa hewa ya bahari, ambayo chumvi yake hula skrubu za bati linalokinga joto la ekzosi, yaani bomba la moshi, mpaka bati likaanza kutetema kila injini inaponguruma taratibu. Mlio huo hutisha kuliko mingi, na tiba yake ni kipande cha waya.

Milio huainishwa kwa tanakali, yaani maneno yanayoiga sauti, na hapo ndipo elimu inapochanganyika na aibu, maana mtu mzima aliyevaa tai hulazimika kusimama kando ya barabara akitamka "ka-ka-ka-ka" mbele ya wauza mahamri. Akiitamka vyema, nusu ya kazi imekwisha. "Ka-ka-ka" inayosikika usukani ukikatwa mpaka mwisho huashiria sivi jointi, kiungo kinachopeleka nguvu za injini kwenye magurudumu ya mbele hata yakiwa yamepinda, ambacho huanza kulika mpira wake ukipasuka na grisi ikamwagika. "Ngo-ngo" ya kwenye matuta huelekeza kwenye bushi, yaani vipande vya mpira vinavyozuia chuma kugongana na chuma, ilhali "vuuu" inayopanda pamoja na mwendo, na kubadilika gari likiingia kwenye kona, kwa kawaida ni beringi ya gurudumu. Ama "chwiii" ya breki, mara nyingi huwa ni hekima ya watengenezaji, ambao hubandika kwenye pedi kibati kinachosugua diski pedi zinapokaribia kwisha, makusudi kimkere dereva; hawakuzingatia kwamba dereva wa Changamwe hukerwa na mengi makubwa zaidi kabla hajafika Makupa.

Uainishaji huu ungetosha kama gari lingekuwa na msikilizaji mmoja. Aliyeketi mbele husikia "ngo-ngo", aliyeketi nyuma huapa kwamba ni "ki-ki", na shemeji aliyeombewa lifti tu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, hukata hukumu kwamba injini imekwisha na gari liuzwe. Wote huweza kuwa wakweli kwa kiasi chao, kwa sababu chuma hupitisha sauti kwa wepesi, na mlio uliozaliwa kwenye gurudumu la mbele huweza kutokea chini ya kiti cha nyuma.

Kanuni hiyohiyo ndiyo silaha ya fundi wa jua kali, yaani afanyaye kazi nje bila jengo la gereji. Mwaka 1816, huko Ufaransa, daktari René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba ili asikilize moyo wa mgonjwa, na kutokana na bomba hilo ikazaliwa stethoskopu. Fundi hutumia bisibisi ndefu, ncha akiigusisha kwenye injini na mpini akiuegemeza sikioni, na kwa njia hiyo hutofautisha beringi ya altaneta na ya pampu ya maji. Ikumbukwe kwamba mgonjwa wa Laennec hakuwa na feni inayozunguka karibu na pua ya daktari.

Uchunguzi ukishindikana, fundi huingia garini na kusema, "Twende tukaisikilize, bosi." Gari huzunguka mtaa mzima bila kutoa hata mkwaruzo, mwenye gari akaapa kwamba jana lilikuwa likilia, na fundi, ambaye hawezi kutoza pesa kwa ukimya, akashauri bushi zibadilishwe. Siku chache baadaye, gari likiwa na bushi mpya na "ngo-ngo" ileile, tairi hupata pancha, buti hufunguliwa ili litolewe la akiba, na nyuma yake huonekana nazi iliyonunuliwa sokoni Kongowea ikasahaulika. Fundi akiulizwa huzitoa bushi kuukuu alizozihifadhi na kuonyesha nyufa zake, akisema zilikuwa zimekwisha hata hivyo. Na, kwa haki, huwa kweli zina nyufa.