Futa Kwangu

Mke wangu alinituma stesheni ya hapa Mpanda kumpokea baba yake. Kazi ilikuwa hiyo moja tu. Treni kutoka Tabora ilichelewa, nikakaa kwenye benchi, nikatoa simu niangalie mara moja. Hiyo "mara moja" ilikuwa na mbuzi anayecheza singeli, fundi anayekata tawi alilokalia, na watu wawili wasiojuana wakitukanana kwa ajili ya Simba na Yanga. Nilipoinua macho, treni ilikuwa imeshafika, imeshashusha watu, na muuza karanga anahesabu chenji zake. Mzee hayupo.

Nilimkuta nyumbani, anakunywa chai.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuona pale. Umeinamisha kichwa, midomo inachezacheza, nikasema nisimkatishe mkwe wangu sala. Nikapanda bajaji."

Mke wangu hakusema kitu. Alinitazama tu, yale macho ya tutaongea wageni wakilala.

Baba mkwe ni mstaafu wa reli, na simu yake ni kitochi kilichofungwa mpira wa kubania noti ili betri isidondoke. Jioni aliwasimulia wajukuu kwamba reli hii ya kilomita 210 kutoka Kaliua iliwekwa enzi za mkoloni kwa sababu Mpanda kulichimbwa risasi. Mdogo akauliza hizo risasi alikuwa anapigwa nani. Mzee akacheka, akaanza kumweleza kuhusu madini. Mimi sikusikia mwisho wake, kwa kuwa nilishatoka uani kuwarekodia wenzangu wa kijiweni ujumbe wa sauti: "Jamani, mzee kaja na ndoo mbili za asali na godoro. Godoro! Huyu kuondoka hapa ni mpaka reli ing'olewe."

Nikautuma. Ukaenda kwenye grupu la ukoo wa mke wangu.

Kuna sekunde ambazo damu husimama. Nikabonyeza kufuta kwa mikono inayotetemeka, simu ikaniuliza swali la kistaarabu kabisa: nifute kwa kila mtu, au nifute kwangu? Kidole kikajibu kabla ya akili. Futa kwangu. Sauti ikatoweka kwenye simu yangu, ikabaki kwenye simu za ukoo mzima, na mimi ndiye pekee nisiyeweza tena kuiona wala kujua nani ameshaisikiliza. Baada ya dakika mbili shemeji yangu wa Dodoma akaandika neno moja: "Godoro?"

Wanaosema simu zinaharibu jamii nawaheshimu, ingawa wengi wao hoja hiyo hunitumia kwa WhatsApp, ikiwa na ile alama ya kusambazwa mara nyingi. Lakini grupu hilohilo ndilo lililochangisha pesa za matibabu ya shangazi kwa siku mbili. Kwa barua tungekuwa bado tunasubiri majibu. Mwenye tatizo ni mimi, na kidole changu.

Kujisafisha, Jumamosi nikampeleka mzee Sitalike, kwenye Hifadhi ya Taifa Katavi, akaone viboko. Ilikuwa kiangazi, Mto Katuma umenywea, nao wamerundikana kwenye tope mgongo kwa mgongo, wanakoroma kama daladala linalogoma kuwaka. Mimi nilikuwa nimevalia picha: shati la bluu, suruali nyeusi. Nikainua simu, nikatabasamu, na mbung'o wakanishukia. Shingoni, sikioni, mdomo wa juu. Mwongozaji wetu akaniambia kwa upole, kama daktari, kwamba mitego ya mbung'o hutengenezwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi, maana ndizo rangi wanazozifuata. Mzee, ndani ya kaunda suti ya kaki, hakuumwa na hata mmoja. Ile picha naitunza: viboko hawaonekani vizuri, mdomo wangu unaonekana vizuri mno.

Nikiwa najipaka mate, mzee akanisogezea kitochi chake.

"Mwanangu, huyu anasema ile hela nitume kwenye namba hii. Hela gani?"

"Tapeli huyo, baba."

"Lakini ana adabu. Ameanza na shikamoo."

Alikuwa ameshaanza kumjibu. Nikafuta ule ujumbe mwenyewe, na nilivyokuwa nafuta nikajisikia, kwa mara ya kwanza wiki ile, mtu wa maana. Nikajiambia pia kwamba kitochi ni chombo cha heri: hakipokei sauti za magrupu. Maadamu mzee anacho hicho, mimi ni mkwe mcha Mungu.

Jana usiku grupu likalia. Watoto wake wamechanga, wamemnunulia baba simu janja, iko njiani na treni, na mimi ndiye nimeteuliwa kwenda stesheni kuupokea mzigo. Shemeji wa Dodoma akaongeza chini yake: "Akishaunganishwa mniambie. Nina sauti moja nimemtunzia."