Vita vya Feni

Shangazi alikulia Njombe, kwenye baridi ya Julai inayogandisha umande majanini. Ndiyo maana Mama hakumwelewa hata kidogo alipoanza kuzima feni mwezi Januari, Tabata, wakati sisi wengine tulitamani kulala sakafuni. Mama akiwasha, Shangazi anazima. Mama akifungua dirisha, Shangazi anapita nyuma yake analifunga, kisha anaketi kwenye kochi, sweta juu ya dera, kitenge miguuni.

"Wifi, joto lote hili, baridi unaitoa wapi?"

"Naisikia tu, wifi."

Alijibu polepole, kwa sauti nzito yenye mikwaruzo ambayo hakuja nayo. Mama akaisikia kuwa ni jeuri.

Vita vikahamia jikoni. Mwanamke aliyekuwa akisimamia masufuria ya msiba mzima bila kukosea chumvi, sasa anabandika maharage, anakwenda kujinyoosha, anasahau kuwa amebandika. Yakaungua maharage, ukaungua wali, mwisho chungu cha Mama cha kupikia samaki kikakaukiwa motoni, kikapasuka. Usiku ule maneno ya chumbani yalivuka ukuta: "Dada yako kazi yake kula na kulala, na unene anaongeza!" Baba, katikati ya dada na mke, akanyamaza. Asubuhi tukamkuta Shangazi amefunga begi, anataka kurudi Njombe.

Lakini hakuwa mlaji. Nilikuwa nampakulia mimi, na sahani ilirudi nusu. Hapo ndipo nilipokataa asipande basi kabla hajaonana na daktari.

Zahanati walikuwa wameshampima malaria, hawakuiona, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Majirani nao walikuwa na majibu yao: uchawi, kukoma hedhi, uzee. Safari hii tulimpata daktari asiyekuwa na haraka. Unaamka umechoka? Choo unapata? Nywele zinakatika? Ngozi inakauka? Unasahau? Unanenepa hata usipokula sana? Sauti imebadilika? Mama, aliyeketi kando, aliyasikia mashtaka yake yote yakisomwa upya, sasa yakiwa dalili. Akaacha kujipepea.

Daktari akampa Shangazi maji, akamwambia ameze huku yeye akitazama chini ya koromeo. Tezi dundumio hupanda na kushuka mtu anapomeza, na uvimbe huonekana vizuri hapo. Akaipapasa. Akahesabu mapigo ya moyo, yakawa ya polepole. Akagonga kwa kinyundo nyuma ya kifundo; mguu ukaruka, ukachelewa kurudi. Kisha akaandika kipimo cha damu.

Tezi hiyo hutumia iodini, yaani madini joto, kutengeneza homoni za T4 na T3 zinazoamua mwili utumie nguvu kwa kasi gani. Chini ya ubongo ipo tezi nyingine, pituitari, inayotoa TSH. Hiyo ni kama msimamizi wa vibarua: kazi ikilegea hupaza sauti, kazi ikizidi hunyamaza. TSH ya Shangazi ilikuwa juu sana, T4 chini. Tezi imelegea. Kipimo cha kingamwili kikaonyesha sababu: kinga ya mwili wake mwenyewe ilikuwa ikiishambulia, ugonjwa ulioelezwa na daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, mwaka 1912.

Mama akauliza habari ya chumvi, kwa kuwa Bibi kule Njombe alikuwa na rovu. Lilikuwa swali zuri. Nyanda za Juu Kusini zilisumbuliwa sana na rovu kwa upungufu wa madini joto, na ndiyo sababu chumvi ya kula huongezewa madini hayo. Ila chumvi haitibu ugonjwa wa Hashimoto, na iodini ya kupita kiasi yaweza kuuzidisha. Wala ukubwa wa shingo hausemi kiasi cha homoni. Shingo ya Shangazi haikuwa na uvimbe wa kuonekana kwa macho.

Majibu yaweza kuwa kinyume: TSH chini kabisa, T4 juu. Binti mmoja wa mtaani kwetu alikonda huku anakula vizuri, mikono inatetemeka, moyo unamwenda mbio, na watu wakamtangazia ukimwi. Kumbe ni tezi iliyozidisha kazi. Maneno yale yalimuumiza kuliko ugonjwa, na mimi bado yananikasirisha.

Shangazi akaanzishiwa levothairoksini, dawa ya kufidia homoni iliyopungua. Akawa anaimeza kwa chai ya maziwa, pamoja na vile vidonge vya damu, na kipimo kilichofuata kikaonyesha mabadiliko madogo mno. Daktari akaeleza: imezwe tumbo tupu, kwa maji tu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, vidonge vya madini ya chuma au kalisi vikae mbali nayo kwa saa nne. Mama akalivalia njuga jambo hilo. Chupa ya chai akaihamishia chumbani kwake, na kila alfajiri akampelekea wifi yake kidonge na bilauri ya maji. Nguvu zikarudi taratibu. Sauti ikafunguka.

Ndugu msomaji, ukiona mtu wa nyumbani mwako amebadilika hivi, mpeleke akapimwe TSH kabla hujampachika jina. Dawa ikishaanza, kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8 ili kurekebisha dozi, na wengi huitumia maisha yote, hata wakijisikia wazima. Mjamzito anayeitumia asiiache; amwone daktari mapema, kwa sababu katika miezi ya mwanzo mtoto aliye tumboni hutegemea homoni za mama yake.