Nesi wa Hemani: Ujuzi Sita, Tunahesabu Kurudi Hadi Moja

Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walimiminika Kagunga, kijiji cha Kigoma kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Barabara haikuwepo. Kipindupindu nacho kikaingia bila hodi, watu wakatibiwa hukohuko ufukweni huku meli ya MV Liemba ikiwahamisha wengine kwenda Kigoma mjini. Basi wewe unayesomea uuguzi ukidhani kazi ni sare nyeupe na kufukuza ndugu wa mgonjwa muda wa kuona wagonjwa ukiisha, vuta kiti: huu hapa ujuzi sita wa hema la kipindupindu.

6. Kuvaa gambuti.
Viatu vyeupe viache nyumbani, vitakufaa kwenye harusi.

5. Kuchanganya klorini.
Hapa ndipo mapishi yalipo. Kwa unga wa klorini wa asilimia 70, kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 20 ni maji ya kunawa mikono. Vijiko vinne kwenye lita hizohizo ni ya sakafu na vitanda. Ya kumwagia matapishi na kinyesi ni makali zaidi: vijiko viwili kwa kila lita moja. Tumia ndoo ya plastiki, maana klorini hula chuma. Ukichanganya madesa, ama umewababua wenzako mikono, ama umewakogesha vimelea wakatoka wasafi na wazima. Andika kwenye kila ndoo. "Nitakumbuka" si lebo.

4. Kubembeleza kwa lugha ya mwenye kuumwa.
Kigoma ilijaliwa hapa: Kiha na Kirundi vinaelewana. Daktari bingwa aliyeshuka kutoka Dar na Kiswahili chake safi anabaki kutazama midomo, wakati nesi Muha ameshamwamkia bibi, ameshajua watoto wake wako wapi, na bibi ameshamaliza kikombe cha pili cha ORS, yale maji ya chumvi na sukari. Shahada haijafundisha hilo, kijiji ndicho kilichofundisha.

3. Kuupata mshipa uliokimbia.
Mishipa ya kijana aliyekuja kupima afya ili aajiriwe hata kipofu ataiona. Njoo sasa kwa mtu aliyeharisha tangu usiku: macho yamezama, vidole vimekunjamana kama vya dobi, ukifinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Mapigo ya kifundo cha mkono huyasikii. Funga mpira, shusha mkono, papasa kwenye kiwiko, ingiza kanula kubwa kadiri mshipa utakavyokubali. Ukikosa kabisa, kuna sindano ya kuingia kwenye mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti. Inatisha kuitazama, lakini mgonjwa huyu hana muda wa kukusubiri ujipange.

2. Hesabu ya kichwa.
Uliyekuwa ukitoroka kipindi cha hesabu, imekufuata hadi ziwani. Mwenye upungufu mkubwa wa maji hupewa mililita 100 za dripu ya ringa lakteti kwa kila kilo: 30 za kwanza ndani ya nusu saa, 70 zilizobaki kwa saa mbili na nusu. Mtu wa kilo 60 ni lita sita kwa saa tatu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hupewa kiasi hichohicho kwa kilo, ila polepole: saa moja, kisha saa tano. Na mzani? Mgonjwa hawezi hata kukaa, utampima vipi? Kadiria kwa jicho, kisha piga hesabu kama mtu mwenye akili timamu.

1. Kurudi kitandani.
Huu ndio ujuzi wenyewe, na hauna cheti. Kitanda cha kipindupindu kina tundu katikati na ndoo chini yake. Soma kilichomo, andika, kisha shika tena kifundo cha mkono. Mapigo yamerudi? Amekojoa? Anaweza kunywa? Mpe ORS hata kama dripu bado inashuka. Ndoo imejaa kuliko ulivyotarajia? Ongeza maji mwilini. Nesi anayetundika chupa na kwenda kuchati amemwachia mgonjwa bomba, na bomba halina macho.

Kipindupindu kikali kisipotibiwa kinaweza kuua hadi nusu ya wanaougua. Wakirudishiwa maji mapema na ipasavyo, wanaokufa hawafiki mmoja katika mia.