Wavulana Jikoni, Wasichana Sebuleni

Vita vilianza Jumamosi asubuhi, mara tu katuni ilipoisha. Ilikuwa ya aina ile ile: wavulana wana kibanda chao mtini, wasichana hawaruhusiwi kupanda, na kila upande unatafuta njia ya kuuaibisha mwingine. Binti yangu wa darasa la nne akachukua chaki, akapiga mstari toka mlango wa mbele hadi ukuta wa jikoni. Sebule, kochi na runinga vikawa vya wasichana. Mdogo wake na binamu zake wakatwaa jikoni.

Mimi nilikuwa nimeenda Nunguni sokoni kuuza avokado, na jikoni nimeacha isyo, mahindi na maharagwe, ikichemka. Kazi yao ilikuwa kuongeza maji tu. Lakini mitungi ya maji hukaa kando ya mlango wa mbele, ndani ya himaya ya wasichana. Wavulana walikuwa na moto, wasichana walikuwa na maji, na kuomba kulikuwa kushindwa. Isyo ikakauka, ikashika chini, ikawa nyeusi ti. Susu yao, yaani bibi yao, aliyekuwa akipalilia kwenye matuta ya chini, ndiye aliyeona moshi. Alipanda kilima mbio, akafuta ile chaki kwa nyayo zake, akauliza: “Kwani nyinyi mna mama wangapi?”

Ndugu hugombana, hilo nalijua. Kinachoniuma ni katuni kuuchorea ugomvi wao mpaka, kana kwamba adui wa mvulana ni dada yake. Tena ni mambo ya zamani. Peyo, mchoraji wa Ubelgiji, aliwabuni Smurfs, vijitu vya katuni, mwaka 1958. Smurfette, Smurf msichana, alipoingia hadithini mwaka 1966, alikuwa ameumbwa na mchawi Gargamel, adui yao, ili awafarakanishe. Yaani msichana alifika kijijini kwao akiwa mtego!

Sasa tunatazama Super Sema, katuni ya Kenya iliyoanza YouTube mwaka 2021, Lupita Nyong'o akiwa miongoni mwa watayarishaji wake wakuu. Sema ni msichana. MB, pacha wake, ni mvulana. Kwa uvumbuzi wao wanakilinda kijiji dhidi ya Tobor, mtawala katili mwenye jeshi la maroboti. Mwanangu ameipenda, ila juzi aliuliza mbona jina ni la Sema peke yake. Dada yake akamjibu kwamba katuni nyingine zote ni za wavulana, wakaanza kubishana upya, safari hii kwenye kochi moja.