Sifa za Mwizi wa Chambo

Kigoma wenye kusifiwa ni wengi. Dagaa wake wanasifiwa mpaka Kariakoo, ambako muuzaji atakuapia "wa Kigoma hawa" hata kama gunia limetoka Mwanza. Mgebuka anasifiwa na kila aliyewahi kumkuta kakaa juu ya ugali wa muhogo. Liemba, meli ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 na ikaja kuibuliwa 1924, inasifiwa kwa kule kukataa kwake kufa. Hata Ujiji pana mnara wa kukumbusha kwamba mwaka 1871 Mzungu mmoja alimkuta Mzungu mwenzake chini ya mwembe. Mimi leo namsifu asiye na mnara wala mteja: yule kisamaki wa mawe, urefu wa kidole cha kati, anayekula chambo na kukuachia ndoana inang'aa kama imepigwa msasa.

Tulijuana nikiwa likizo. Nilifika Gungu, Kigoma, kwa shangazi yangu mwezi Oktoba, begani nimebeba fimbo ya kuvulia niliyoinunua Dar es Salaam, ndefu, yenye gurudumu la kukunjia mshipi na ndoana za kumtosha chewa. Mimi ni mtu wa pwani. Nilijiona nashuka mwisho wa reli kuja kuwafundisha watu wa bara. Shangazi aliizunguka ile fimbo mara mbili, halafu akauliza kwa adabu kama nimekuja kumfungia dishi.

Kesho yake nikapanda bodaboda hadi ziwani, nikachagua mawe makubwa yaliyoingia majini. Nilikuwa nimesoma kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470 na kwamba duniani ni Baikal tu linalolizidi, kwa hiyo nikafanya hesabu ya mtu wa mjini: samaki mkubwa lazima akae mbali, tena chini. Nikarusha kwa nguvu zangu zote. Risasi ikaruka, ikatua, ikazama, ikaendelea kuzama. Hakuna aliyeniambia kwamba ukishuka mita mia mbili hivi oksijeni imekwisha na samaki hakai; zile mita elfu na ushei za chini ni fahari ya ramani tu. Nikavuta mshipi kwa nusu saa nzima, na ulichoniletea ni maji.

Basi aliyenihurumia ni nani? Sangala hakunihurumia. Kuhe hakunihurumia. Ni yeye, mwizi wangu, aliyekuja pale pale miguuni, mshipi umelegea nikiwa nafukuza nzi, akagonga mara tatu: tk, tk, tk. Moyo ukaruka. Nikavuta. Nyungunyungu hayupo. Nikaweka mwingine. Tk, tk. Hayupo. Kwa saa moja nikawa sina tena habari ya ofisi, wala ya deni, wala ya simu iliyokuwa ikilia mfukoni. Watu hulipa pesa nyingi hotelini kutafuta utulivu wa namna ile. Mimi niliupata kwa kuibiwa.

Kwanza, basi, nimsifu kama mwalimu. Alinifundisha kwamba ndoana kubwa ni majivuno: kinywa chake hakiipokei, anabaki kuizunguka na kumenya nyama pembeni kama mtu anayekula embe. Nikarudi mjini, nikanunua zile ndogo kabisa, na hapo ndipo nikajua kwamba namba ya ndoana hukua kadiri ndoana inavyopungua, jambo ambalo kwa miaka yote baharini sikuwahi kulijali. Alinifundisha kukata nyungunyungu kipande kifupi cha kufunika ncha tu, badala ya kumning'iniza mzima kama kanga kwenye kamba. Alinifundisha kuukaza mshipi na kuuwekea kidole cha shahada, maana hodi yake macho hayaioni. Alinifundisha kuamka mapema, kwa sababu upepo wa kusi ukishaanza kusukuma maji juu ya mawe husikii tena kama anayegonga ni samaki au ni ziwa lenyewe. Na ndoana iliponasa kwenye jiwe, nikataka kutia mkono kwenye tundu, ni mtu mzima mmoja aliyenipigia kelele: humo swila wa majini naye huvua. Hilo halikuwa somo la mwizi, lakini ndiye aliyenipeleka darasani.

Pili, nimsifu kwa ukoo. Ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii yake, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Wapo akina mama wanaobeba mayai na watoto ndani ya kinywa kwa majuma kadhaa. Ukiona mmoja anakipita chambo chako bila kukitazama, usimtukane, ana watoto mdomoni. Wapo wanaokaa ndani ya makombe ya konokono, nyumba isiyo na kodi. Na wapo, nasema hili kwa heshima, wanaomwibia hata mwizi. Perissodus microlepis anakula magamba ya wenzake, na kinywa chake kimepinda: wengine kimepinda kulia, wengine kushoto. Wa kulia hushambulia ubavu wa kushoto, wa kushoto hushambulia wa kulia. Mtafiti Mjapani, Michio Hori, alieleza mwaka 1993 katika jarida la Science jinsi pande hizo mbili zinavyopokezana wingi: wa kulia wakizidi, wanaowindwa huulinda zaidi ubavu wa kushoto, na hapo wa kushoto hushiba na kuongezeka, mpaka zamu igeuke. Zamu hugeuka bila mkutano wa hadhara hata mmoja, na hakuna anayekata rufaa.

Mtasema mwizi wangu hana faida. Ni kweli kwamba sokoni sikuliona fungu lake. Lakini tulinganishe. Dagaa, mwenye sifa zote hizo, huiona taa usiku, akaifuata, akaishia kwenye wavu na kuanikwa mchangani. Anachopata ni likizo ya siku chache za mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika kwa kuwa mwezi umeshinda taa. Kuhe, mkubwa wa ukoo mzima, mwisho wake ni kikaangio. Huyu mdogo asiye na nyama, wakimkamata, wengine humpandisha ndege. Huko Ujerumani na Japani anakaa ndani ya kioo, anawashiwa taa, anabadilishiwa maji, na mtu mzima mwenye familia yake hutoka kazini mbio kuja kumlisha. Namsifu bila kusahau kwamba hakuomba safari hiyo.

Hata ziwa lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane (anayepanga likizo ya kuvua aulize kwanza), nina hakika yeye hakupumzika. Alikuwa anaparua ukoga kwenye mawe akisubiri wajinga warudi.

Tatu, ajira. Nyungunyungu wangu alinichimbia kijana mmoja wa jirani na shangazi, mtoto wa darasa la sita, kutoka chini ya migomba yenye unyevu, kopo moja shilingi mia tano. Siku ya kwanza nilinunua kopo moja, siku ya nne nikanunua matatu. Bila mwizi, biashara hiyo ingekufa asubuhi ya kwanza, kwa sababu mwanagenzi asiyeibiwa hamalizi kopo.

Siku ya sita yule kijana akanifuata mpaka kwenye mawe. Chombo chake kilikuwa fito ya mwanzi, nailoni ya urefu wa mikono miwili, kipande cha ndala kuukuu kama boya, na kindoana ambacho mimi ningedhani ni pini. Hakurusha. Aliishusha taratibu kando ya jiwe alilosimama, pale ambapo mimi nilikuwa nimeweka viatu. Ndala ikatikisika, ikazama, akanyanyua. Akamkamata kama anachuma pilipili.

Nilimwomba nimshike. Mwili mweusi, mshipi wa njano tumboni, jicho linanitazama bila aibu yoyote. Nilikuwa nimemlisha siku sita na sikuwahi kumwona uso.

"Huyu hana nyama, mjomba," kijana akasema, akamtwaa kiganjani kwangu na kumrudisha majini. Akazungusha nailoni kwenye fito, akachungulia kopo langu. Lilikuwa limebaki udongo.

"Kesho nikuletee mangapi?"

"Manne," nikamwambia.