Weka Kitambaa Chini: Mwongozo kwa Mwenye Land Cruiser Inayovuja Miguuni

Alfajiri mjini Arusha, kabla wageni hawajapanda gari kwenda Ngorongoro, utamkuta mtu amechuchumaa kando ya gurudumu la mbele la Land Cruiser, kitambaa mkononi, anafuta mafuta. Tufe la chuma linang'aa, safari inaondoka. Jioni mafuta yamerudi. Kesho anafuta tena. Ndugu yangu, hayo si matengenezo. Ni kumfuta mtoto kamasi huku homa inapanda. Mwongozo huu umekuja kukunyang'anya hicho kitambaa.

Jua unachokifuta

Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza mwaka 1984, zina ekseli nzima ya mbele. Kila ncha ya ekseli ina tufe, na juu ya tufe limekaa goti linalogeuka unapokata usukani. Ndani yake mna jointi inayolizungusha gurudumu hata likiwa limekunjwa. Jointi huishi kwenye grisi. Difu, jirani yake, huishi kwenye oili. Ukuta kati ya majirani hao ni sili moja ndogo, iliyofichwa ndani ya ncha ya ekseli. Ikichoka, oili huhamia upande wa pili, huilainisha grisi mpaka iwe supu, na supu hutafuta mlango wa nje.

Soma mafuta

Utando mwembamba kwenye tufe si ugonjwa. Sili za nyuma ya goti zimewekwa kulipangusa tufe, na unyevu huo hulikinga na kutu.

Grisi nzito inayojikusanya nyuma ya goti inakuambia kwamba sili hizo za nje zimechakaa, au kuna aliyeshindilia grisi kupita kiasi.

Uji mweusi unaodondoka, wenye harufu kali ya oili ya difu, maana yake ni moja: oili imeivuka sili ya ndani. Kama una shaka, fungua plagi iliyo juu ya goti uchovye bisibisi safi. Ikitoka na grisi inayong'ang'ania, funga uende zako. Ikitoka imelowa supu, acha ubishi. Pima na oili ya difu, maana iliyotoka imetoka huko.

Mafuta yakifika kwenye breki, gari lisiondoke. Hapo tunazungumzia roho za watu.

Anza na kisichogharimu kitu

Ekseli ikipata joto, hewa ndani yake hutanuka na kutokea kwenye kipumulio kidogo kilicho juu yake. Tope likikiziba, hewa hujitafutia njia kwenye sili, ikiisukuma oili mbele yake. Safisha kipumulio kabla ya kununua chochote. Anayeweka sili mpya na kuacha kipumulio kimeziba ananunua uvujaji mwingine.

Siku ya kazi

Egesha pahali tambarare, zuia magurudumu ya nyuma, inua kwa jeki, kisha kalisha ekseli kwenye stendi imara. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Toa gurudumu na kalipa ya breki. Ifunge kalipa kwa waya, isining'inie kwa mpira wake. Fungua habu, vuta shafti pamoja na jointi, kisha toa goti. Chini na juu ya goti mna beringi zenye vibati vyembamba. Andika kila kibati kimetoka wapi, kwa sababu ndivyo vinavyoliweka goti katikati ya tufe. Goti likikaa upande, sili mpya italiwa upande.

Ng'oa sili ya zamani bila kukwaruza kiti chake. Pitisha ukucha kwenye shafti, pale mdomo wa sili unapogusa: ukucha ukinasa kwenye mfereji, shafti hiyo itaiharibu sili mpya pia. Osha kila kitu mpaka supu yote iishe. Kagua gololi 6 za jointi na njia zake. Kama ilikuwa ikigonga tak-tak ukikata usukani hadi mwisho, sasa utaona sababu.

Weka sili mpya ya ndani, pitisha sili mpya za nyuma kwenye tufe, kisha rudisha goti na vibati vyake. Shindilia jointi kwa mkono kwa grisi ya lithiamu yenye molibdeni, kisha jaza goti kiasi cha robo tatu, usizidishe. Unaporudisha shafti, ibebe. Ukiiburuta juu ya mdomo wa sili mpya, umeiua kabla haijaanza kazi. Funga sili za nyuma, ongeza oili ya difu, kisha uhamie upande wa pili: miguu miwili hiyo imetembea njia moja.

Sasa chukua kitambaa

Mgeni aliyeketi kiti cha nyuma hajui sili ni nini. Anakuamini wewe kumshusha ukingo wa Ngorongoro na kumpandisha tena. Kazi ikiisha, lifute tufe mara moja, likauke kabisa. Baada ya wiki chuchumaa tena ulitazame, lakini usilifute: tone lolote utakalolikuta hapo ni jipya, na lina habari yako.